Gadi na Treni Yake ya Mezani

Gadi alikuwa anaogopa stima. Nyaya zilipofika mtaa wetu wa Nanyuki, wenye nyumba wote waliharakisha kuziingiza ndani, ila yeye. Alisimama langoni, mikono nyuma, akawaambia vijana wa nguzo waendelee salama kwa jirani.

"Hiyo kitu haina breki," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Kwa hiyo sisi wapangaji wake tuliendelea na taa za mafuta huku ng'ambo ya ua wakitazama televisheni. Hakuna aliyehama. Ungempata wapi mwenye nyumba mwingine wa kukuletea uji mlangoni ukiwa na homa, kisha akasimama hapo hapo kuhakikisha umeumaliza? Na mtu huyo huyo aliyekimbia stima ndiye aliyetumia miaka yake ya baada ya kazi akifunga taa ndogo kama punje za mahindi ndani ya mabehewa ya treni ya kuchezea. Nimewahi kuishi na watu wenye mambo yanayopingana, lakini si kama yeye.

Tulimwita Gadi kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikaa miaka mingi kwenye behewa la mwisho la treni, na bendera zake mbili na taa yake, kazi yake ikiwa kuhakikisha kwamba kila kilichotoka stesheni kimefika stesheni. Kwao kulikuwa upande wa Bungoma. Alioa Nyeri, akamwoa Nyambura, na alipoacha kazi akabaki Nanyuki, mahali reli inapokomea. Ukimuuliza kwa nini hakurudi kwao alikujibu, "Treni ilifika mwisho, na mimi nikashuka."

Mimi nilikuwa muuguzi mgeni, nimetumwa kutoka Tetu kuja kufanya kazi hospitali ya pale. Siku ya kwanza tu aliniita Sista, ingawa sare yangu haikuwa na alama hata moja ya cheo hicho, na kwake nikabaki Sista.

Alitembea miguu imeachana kidogo, kama mtu asiyeamini kwamba sakafu itatulia. Alikula haraka mno, chakula kikiwa bado kinatoa moshi, maana alizoea kula kati ya stesheni na stesheni. Hakuweza kutoka chumbani bila kugeuka na kutazama alikotoka, kisha alisema kwa sauti, "Nyuma sawa!" Alisema hivyo akitoka dukani, akitoka makaburini siku ya mazishi, akitoka chooni. Saa yake ya mfukoni aliilinganisha na redio kila asubuhi, na ole wako ukimwambia unakuja saa nne ukafika na robo. Lakini kanisani alichelewa kila Jumapili. Pasta alipomuuliza alijibu kwa adabu kabisa, "Hiyo ratiba ni yako, Pasta. Mimi niko na yangu."

Treni ile ya kuchezea ilitoka Timau. Mama mmoja wa kizungu, mjane, alikuwa anauza vyombo vya nyumba yake shambani kabla ya kuhama, na Nyambura akamtuma mumewe akamnunulie cherehani. Aliondoka asubuhi amevaa koti lake la reli. Alirudi jioni juu ya lori la ngano, amekumbatia sanduku la mbao, na hakuna cherehani. Ndani ya sanduku mlikuwa na injini, mabehewa ya abiria, behewa la gadi lenye kibaraza kidogo nyuma, na vipande vya reli vilivyofungwa kwa gazeti.

"Cherehani iko wapi?" Nyambura aliuliza.

"Ilikuwa imeuzwa."

"Na hii ni nini?"

"Hii haikuwa imeuzwa."

Nyambura hakuzungumza naye kwa muda mrefu. Wakati huo wote alipika, akapakua, akaweka sahani mezani bila neno, na kila mara ilibidi asogeze reli kando ili sahani ipate nafasi.

Betri ya zamani ya trekta iliiendesha treni vizuri. Shida ilikuwa taa. Vile vibalbu vya asili vilikuwa vimekufa vyote, na Nanyuki nzima haikuwa na vingine. Gadi alikerwa kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia kwamba mbona treni inakwenda, taa za nini? Akaniketisha chini, akalishika lile behewa la mwisho kwenye kiganja.

"Sista, treni ikipita stesheni, yule mkubwa wa stesheni anatazama nini?"

"Injini?"

"Injini hata kipofu anaisikia. Anatazama mkia. Akiona taa nyekundu nyuma, anajua treni iko yote. Asipoiona, ni kwamba kuna mabehewa yamekatika, yamebaki huko porini na watu ndani, na treni nyingine inakuja. Hii bila taa si treni. Ni vipande."

Alikwenda kwa fundi wa redio karibu na soko, kijana mchangamfu kutoka Machakos. Fundi alifungua kaseti iliyokufa, akamwonyesha kile kidoto chekundu kilichokuwa kikiwaka mbele yake. Akamwambia inaitwa LED, kwamba ina miguu miwili na ule mrefu ndio wa kuingizia moto, ukigeuza haiwaki. Gadi alifurahi sana, akazibeba kadhaa za rangi tofauti nyumbani ndani ya kiberiti, akaunganisha moja kwenye betri moja kwa moja. Iliangaza mara moja kwa nguvu, ikatoa harufu mbaya, ikafa. Ya pili vilevile.

"Mzee, utachoma zote!" fundi alimwambia aliporudi. Mimi nilikuwa pale nikitengenezewa redio yangu. "Hii kitu inakula kidogo sana. Na wewe unaipatia betri ya trekta! Lazima uweke rezista hapa mbele, izuie moto usiingie wote. Ni kama breki."

Gadi alikichukua kile kijiti chenye michirizi ya rangi, akakigeuza kwenye mwanga.

"Kumbe iko na breki," alisema polepole.

Tangu siku hiyo hakuziita rezista. Aliziita breki. Na alianza kulehemu. Kwa kuwa hakutaka stima, alikitia kipande cha shaba chenye mpini wa mti kwenye jiko la makaa la Nyambura, na kilipoiva alikichomoa na kukimbia nacho mezani kabla hakijapoa. "Wewe mzee, hii kitu yako imemaliza makaa yangu," Nyambura alilalamika, lakini nilimwona akiyapepea.

Ili mtu aone taa mchana, Gadi alitandika blanketi juu ya meza mpaka chini na kuweka reli huku ndani, sakafuni. Aliyetaka kuona alipiga magoti na kuingia. Aliingia pasta. Aliingia mwuza maziwa. Mimi niliingia na sare yangu nyeupe, nikiwa nimechoka na zamu, na nikaona mwanga wa manjano ukinijia gizani kwa mlio mdogo wa magurudumu, ukapita karibu na goti langu, ukaenda zake na taa nyekundu mkiani. Sijui kwa nini nilitokwa na machozi. Siku hiyo tulikuwa tumepoteza mtoto wodini. Gadi, aliyekuwa amejikunja upande wa pili, alivuta miguu kunipa nafasi. Aliizungusha treni tena, na tena, mpaka nilipokuwa tayari kutoka.

Tatizo ni kwamba taa hazikudumu. Aliweka breki kama alivyoambiwa, na bado nyingine zilikufa palepale. Alimlaumu fundi kwamba anamuuzia mbovu, fundi akaapa, wakafika mahali pa kutosalimiana. Kisha Jumamosi moja nilikaa naye mezani nikitazama anavyofanya kazi. Alikuwa amezimwaga rezista kwenye kifuniko, na fundi alikuwa amemwambia atumie zile za kahawia, nyeusi, nyekundu. Akaokota moja.

"Hiyo siyo," nilisema. "Hiyo mwisho ni kahawia. Iliyo nyekundu ni hii hapa."

Mkono wake ulisimama. Alizitazama zote mbili kwa muda, kisha akaniangalia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa bila nguo. Aliinuka, akasema anakwenda kutazama ng'ombe. Hawakuwa na ng'ombe.

Nyambura alikuwa mlangoni. "Njoo unisaidie kuanika, Sista," alisema.

Kwenye kamba ya nguo, tukiwa tumezungukwa na mashuka, alinieleza kwa sauti ya chini. Miaka ya nyuma Gadi aliugua kifua kikuu. Alilazwa muda mrefu, akapewa dawa nyingi, na akapona. Lakini moja ya dawa zile iligusa macho. Aliona vizuri, alisoma gazeti, aliona ndege juu ya mti, ila nyekundu, kijani na kahawia zilikuwa zimechanganyika zikawa kitu kimoja chenye vumbi. Nilizifahamu habari hizo kutoka masomoni. Hutokea, ingawa si mara nyingi. Sikuwahi kumwona mtu aliyepatwa nazo, kumbe nilikuwa nimekunywa uji wake.

"Kwa hivyo reli ikamwacha," nilisema.

"Yeye anaambia watu ni umri. Wewe mwachie hivyo hivyo." Alikung'uta shati. "Anaogopa watasema, ati miaka hiyo yote walikuwa wanabebwa na mtu haoni taa."

Kutoka siku hiyo niliona yale ambayo nilikuwa nimeyapita tu. Nyambura ndiye aliyemtolea soksi asubuhi. Sokoni alitembea hatua moja mbele yake na kugusa nyanya zilizoiva kabla hajazigusa yeye. Na rezista, siku zilizofuata, zilihama kutoka kwenye kifuniko kwenda katika makopo, kopo la mviringo na kopo la pembe nne, bila yeyote kutangaza aliyezihamisha. Taa zikaacha kufa. Fundi akasalimiwa tena. Nyambura aliendelea kunung'unika juu ya makaa kila alipopata msikilizaji.

Kisha ikaja sikukuu ya shule ya Jumapili. Pasta aliomba treni ipelekwe ukumbini watoto waione, na Gadi akakubali kabla Nyambura hajafungua mdomo. Alijiandaa kama mtu anayerudi kazini. Alipiga pasi koti, akang'arisha vifungo, akafuta reli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa sababu reli ikiwa na vumbi taa zinapepesa. Walitundika mablanketi madirishani. Ukumbi ukajaa watoto na wazazi wao, na miongoni mwao mzee mmoja mnene mwenye sauti kubwa, dereva wa treni aliyestaafu, amekuja kutoka Karatina kumtembelea binti yake.

Njiani kuja ukumbini taa ya mkia ilikuwa imeng'oka. Nyambura alikuwa jikoni na akina mama wenzake akisukuma chapati. Gadi hakumwita. Alikaa pembeni na jiko la kuazima, akatoa nyingine kwenye kiberiti, akailehemu mwenyewe.

Treni ilianza. Watoto walipiga kelele za furaha ilipotokea na taa ya manjano mbele, madirisha yamewaka, ikapinda, ikaonyesha mgongo. Mkiani iliwaka taa ya kijani.

Watoto hawakujua. Wazazi wengi hawakujua. Dereva alijua.

"Gadi!" alinguruma, akicheka. "Tangu lini treni inavaa kijani matakoni?"

Watu wakacheka, kwa kuwa neno lile lilichekesha. Gadi alibaki na kidole juu ya kidude cha mwendo. Nilimwona akikitazama kile kitaa kikizunguka, akijaribu kukiona wanavyokiona wengine. Treni ikapita mara ya pili, na kicheko kikaanza kupungua kwa sababu yeye hakucheka.

"Ni mimi!" Nyambura alisema kutoka mlangoni, unga hadi viwikoni. "Mimi ndio nilimpatia hiyo ya kijani. Nilikosea."

Gadi alisimamisha treni.

"Hapana," alisema. "Nyambura hajakosea. Hakuwa hapa."

Alisimama wima, miguu imeachana, kama tulivyozoea kumwona.

"Mimi sioni nyekundu. Niliugua, dawa ikaniponya, ikachukua rangi. Wengi wenu mmepanda treni yangu, kwa hivyo nitawaambia ilivyokuwa. Safari moja, jua likienda kutua, nilitazama taa mbele tukiwa kwenye kona, na sikujua ni gani. Dereva alijua. Tulifika salama. Lakini mimi sikujua. Nikashuka, nikaenda kwa mkubwa wangu, nikamwambia usinipandishe tena. Hakuna aliyenishika. Nilijisema mwenyewe." Akashika kifungo cha koti lake. "Hiyo kazi niliipenda. Ndiyo sababu sikutaka kuongea habari yake."

Ukumbi ulitulia mpaka tukasikia chapati zikiungua jikoni, na hakuna mama aliyekimbia kuzigeuza.

Yule dereva alivua kofia. Alipozungumza, sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Ile safari ya kona," alisema. "Mimi ndio nilikuwa mbele."

"Najua ni wewe."

"Kesho yake nikaambiwa gadi wangu ameacha kazi. Hukuniaga. Nilidhani umenikasirikia, kwa sababu tulikuwa tumegombana kule Sagana juu ya ile mizigo. Miaka hii yote, Gadi, kila nikija kwa binti yangu, nikiona umeketi upande ule wa kanisa, naketi upande huu."

"Mizigo gani?"

"Si ile mizigo ya kuku!"

Gadi alifikiri. "Nilisahau hiyo mizigo siku hiyo hiyo," alisema.

Dereva alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Alipiga magoti kwa shida kando ya reli, mzee mnene yule, akalinyanyua behewa la mwisho kwa mikono miwili. "Haya, leteni nyekundu," alisema. "Hatuondoki hapa na kijani." Nyambura alifuta unga kwenye kanga, akafungua kiberiti, akachagua bila kusita. Gadi akalehemu, dereva akishikilia, mimi nikipepea jiko. Watoto walisubiri, na walipochoka kusubiri walikula chapati zilizoungua.

Baada ya siku hiyo Nyambura hakujificha tena nyuma ya manung'uniko. Alihamisha kiti chake hadi mezani, akakaa na ufumaji wake, na ukipita dirishani ungemsikia akisoma, "Kahawia, nyeusi, nyekundu. Kahawia, nyeusi, nyekundu. Hii ni ya njano, weka kando." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kumwita mtu aje kula. Dereva naye alikuwa akija kutoka Karatina, na wawili hao walibishana juu ya mwendo sahihi wa kupandia mlima mbele ya treni inayoweza kutoshea ndani ya kapu. Stima? Hapana. Stima Gadi hakuingiza. Nilimwuliza mara moja, sasa kwa kuwa umejua iko na breki, mbona huiingizi? Akasema breki za kwake anazijua mwenyewe. Za wale wa nguzo hajaziona.

Mimi nilihamishiwa Nyeri. Nilirudi Nanyuki kumzika Nyambura, aliyesumbuliwa na tumbo kwa miezi mingi, na siku hiyo kulikuwa na watu wengi mno kati yangu na Gadi. Nilimshika mkono tu.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Nyeri, kwenye baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Alikuja na mjukuu wake wa kike, msichana mkubwa, kupimwa macho yaliyokuwa sasa yamezeeka kwa njia ya kawaida. Waliponikuta ofisini nilimwambia msichana aende akapate chai, nikabaki na babu yake kwenye benchi la nje. Aliniambia treni ameipeleka Karatina kwa dereva, kwa kuwa akiwa peke yake meza ilikuwa imekuwa kubwa sana. Aliniuliza habari za wanangu, kila mmoja kwa jina. Kisha akanyoosha mgongo, akafungua koti ili nione sweta aliyoivaa ndani.

"Sista. Hii sweta iko namna gani?"

"Imekutosha vizuri sana."

"Sikuuliza kutosha. Nyambura alinifumia, hiyo miezi ya mwisho, akiwa kitandani. Nilimwomba ya damu ya mzee, kama vile viti vya daraja la kwanza. Wewe sema, ni rangi gani?"

Niliitazama. Ilikuwa kijani. Kijani kibichi kama majani ya njegere, kutoka shingoni hadi kiunoni, na mishono yake karibu na mwisho ilikuwa imelegea, ya mikono iliyochoka.

"Damu ya mzee," nilisema.

Gadi alicheka mpaka akashika ukingo wa benchi.

"Hata wewe, Sista! Huyu msichana aliniambia siku ya kwanza. Ati nafanana na kabichi." Alijipangusa macho kwa kiganja. "Duka la karibu lilikuwa na uzi wa kijani peke yake, na yeye hakuwa na nguvu ya kufika kwa lile lingine. Nilipomuuliza rangi, aliniambia damu ya mzee."

Alianza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kuanzia chini. Alipofika cha juu alikiacha wazi, sweta ionekane.

"Basi ni damu ya mzee," alisema.